Trekta la loda kwa shamba la Mambrui: uzoefu wangu

Kwa yeyote anayefikiria kununua trekta lenye loda, yaani mikono ya mbele yenye bakiti ya kupakia, kwa kazi za shamba huku Malindi, ushauri wangu unakuja kabla hata hospawa (nguvu za farasi za injini) hazijatajwa: anza na loda, kisha utafute trekta litakaloibeba. Wengi hufanya kinyume. Hununua trekta la kulima, halafu mwaka unaofuata wanatafuta fundi wa kulifungia mikono ya mbele. Trekta lenyewe laweza kuwa zuri sana, lakini ekseli yake ya mbele haikuundwa kwa mzigo huo, pampu ni ndogo, na kila kurudi nyuma ni vita kati ya mguu na klachi. Langu limeshapigwa na kusi na kaskazi, limefanya kazi masika na vuli, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyashuhudia shambani.

Shamba ni la familia, upande wa Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki. Lina miembe ya zamani, minazi, mikorosho kidogo, na kipande kilichokuwa vichaka vitupu. Juu ni mchanga, ukichimba kidogo unagonga mwamba wa matumbawe. Kazi ni kupakia mchanga na samadi, kuhamisha mawe ya kujengea, kuondoa makuti na magogo ya minazi iliyokufa, kuvuta tela la maji wakati wa kiangazi, na kuitunza njia ya ndani ambayo mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliichimba hata pikipiki ikawa haipiti.

Ami yangu alinishikilia ninunue JCB, ile yenye bakiti mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Hoja zake zilikuwa na maana: vipuri vinapatikana na madereva wake wapo kila mahali. Lakini JCB ile hailimi, haivuti haro, wala huifungi mashine ya kukatia majani. Kwetu shimo refu huchimbwa mara moja moja, na siku hiyo nakodi kwa saa. Kubeba, kusukuma na kuvuta ni kazi za kila wiki. Zile shoveli kubwa, mitambo ya kupakia ya mashamba ya chumvi kule Gongoni, nazo ni hodari wa kupakia kuliko mashine yoyote, ila kwangu zingesimama siku nyingi kuliko zinavyotembea.

Sokoni utakuta Massey Ferguson 385 ya farasi 85, injini ya Perkins ya silinda 4 ambayo mafundi wengi wa pwani wameshaizoea. Utakuta John Deere, New Holland, Case, Mahindra, na mitumba inayoshukia Mombasa. Langu ni la farasi 75, linavuta magurudumu yote manne. Kampuni sitaitaja, kwa sababu maswali ninayotaka uende nayo dukani ni yale yale kwa muuzaji yeyote, na majibu yake ndiyo yatakayokuambia ununue lipi.

Kwanza uliza mbele na nyuma hubadilishwa vipi. Anayelima huingia gia moja akaenda nayo mpaka mwisho wa shamba. Anayepakia mchanga huingia kwenye lundo, hurudi, hukata kona, huenda kwenye lori, humwaga, hurudi tena, na hivyo mpaka jua litue. Giaboksi ya kizamani yenye gia 8 za mbele na 2 za nyuma itafanya kazi hiyo, lakini dereva atachoka na klachi itaisha mapema. Tafuta trekta lenye wenzo wa mbele-nyuma upande wa kushoto wa usukani, na idadi ya gia za nyuma iwe sawa au karibu sawa na za mbele. Ukiweza kumudu ule unaobadilisha kwa nguvu ya haidroliki, yaani mafuta yenye presha, bila kukanyaga klachi, lipa. Hapa ndipo pesa yangu imenirudia zaidi kuliko popote.

Pili ni magurudumu manne. Watu hudhani ni kwa ajili ya tope na mchanga tu. Ni kweli mchanga wa Mambrui unameza trekta la magurudumu mawili likiwa na bakiti iliyojaa, lakini sababu kubwa zaidi ni ekseli yenyewe. Ya mbele ya trekta la kuvuta nyuma tu ni nyembamba, kazi yake ni kuelekeza. Ya magurudumu manne ina difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu) ndani na nyumba nene ya chuma, nayo ndiyo inayobeba kila kilo utakayoinua. Halafu kuna breki. Matrekta mengi ya ukubwa huu yana breki kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Ukiwa na mzigo mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na gurudumu jepesi halishiki. Ukiteremka mtelemko wa kwenda mtoni hivyo, utakanyaga breki na trekta litaendelea kuteleza. Ukiunganisha magurudumu yote, breki ya nyuma inafika mbele kupitia shafti, na trekta linasimama.

Hilo linanileta kwenye uzito wa nyuma, nami naomba hapa usome polepole kwa sababu watu huumia. Bakiti ya nusu mita ya ujazo ikijaa mchanga wenye unyevu ina kilo kama 900. Ongeza bakiti yenyewe na mikono. Mzigo wote huo uko mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo ekseli inageuka egemeo na mkia unataka kunyanyuka. Dereva anaweza asihisi kitu akiwa kwenye ardhi sawa. Gurudumu moja likiingia shimoni na bakiti iko juu, trekta linalala ubavu. Dawa yake ni mbili, na mimi nimetumia zote.

Ya kwanza ni maji kwenye tairi za nyuma. Unazungusha tairi mpaka vali iwe juu kabisa, unajaza maji mpaka yafike usawa wa vali, kiasi cha robo tatu ya tairi, halafu unamalizia kwa upepo. Kila tairi langu limeingia zaidi ya lita 200. Nchi za baridi huchanganya chumvi maalumu ili maji yasigande. Huku kwetu hakuna haja, maji matupu yanatosha. Lakini yawe maji baridi ya mfereji au ya mvua, si ya kisima cha chumvi kama visima vyetu vingi vya karibu na bahari, maana tyubu ikivuja maji yale yatakula rimu kutoka ndani.

Ya pili ni kasha la zege linalofungwa kwenye ile mikono mitatu ya nyuma. Langu limetengenezwa gereji mjini Malindi: boksi la bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 90, kimo 70, unene 50, nondo ndani, pini zimechomelewa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa. Mita moja ya ujazo ya zege ina tani 2.4 hivi, kwa hiyo kasha linafika kilo 750 na chuma chake juu yake. Nilimwambia fundi apitishe bomba mbili katikati kabla ya kumwaga. Moja tunaweka mtaimbo na sururu, nyingine mnyororo. Chini yake kuna ulimi wa kuvutia tela, hivyo hakuna haja ya kulifungua kila tunapohama kazi. Wauzaji hukupa bei ya loda bila uzito wa nyuma, kana kwamba ni pambo. Uhesabu kama sehemu ya loda.

Kuhusu nguvu ya kuinua, ukiambiwa loda inainua kilo 1,500, uliza zinapimwa wapi. Kipimo cha kwenye pini za bakiti, pale inaposhikana na mikono, kila mara ni kikubwa kuliko cha mbele ya pini, katikati ya mzigo. Na uliza kwa kimo gani, kwa sababu loda hunyanyua zaidi karibu na ardhi kuliko ikinyoosha mikono juu. Mimi nilitaka nambari moja tu: uzito inaoubeba sentimita 80 mbele ya pini, mikono ikiwa juu kabisa. Ndiyo nambari ya mawe yaliyopangwa kwenye uma yakipandishwa loriini.

Pampu inayosukuma mafuta ya haidroliki nayo hupimwa kwa lita kwa dakika. Chukua silinda mbili za kuinua zinazohitaji kama lita tano kujaa. Pampu ya lita 40 itazijaza kwa sekunde saba na nusu, ya lita 60 kwa sekunde tano, tena injini ikiwa kwenye mizunguko yake kamili. Sekunde mbili na nusu zinaonekana kidogo mpaka umkute dereva siku ya kupakia amekanyaga mafuta mpaka mwisho ili mikono ipande. Pampu yangu imepita 60, na dereva anafanya kazi injini ikiwa imetulia. Dizeli inakwenda kama lita sita kwa saa ya kupakia. Ukimsikia fundi anakuambia ataiongezea loda nguvu kwa kukaza vali ya presha, mwambie asiiguse. Presha ikizidi, kitakachopasuka ni paipu, au itapinda silinda.

Lililonipa kazi zaidi ni fremu ya kufungia loda kwenye trekta. Trekta halina chesesi kama lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi zimefungwa moja nyuma ya nyingine kwa bolti, na hizo ndizo zinazoshika kila kitu. Fundi aliyeletwa kunifungia loda alikuja na fremu fupi iliyoshikwa pembeni mwa injini tu, akasema inatosha. Inatosha kwa kubeba majani. Ukisukuma kisiki cha mwembe, nguvu yote inaishia pale injini inapokutana na nyumba ya klachi, na trekta zimewahi kukatika hapo hapo. Tulibishana naye sana, tena alitaka achomelee mabano kwenye chuma cha kuyeyushwa ambacho hakichomelewi kienyeji. Mwishowe nilimlipa nauli, nikaagiza fremu ndefu inayotembea chini ya trekta mpaka kwenye ekseli ya nyuma na kushikwa kwa bolti, bila kuchomelea popote kwenye mwili wa trekta. Ilichelewesha kazi na ilinigharimu. Ningefanya hivyo tena. Baada ya saa chache za mwanzo, bolti zote zikaguliwe na kukazwa upya kwa spana ya kipimo, kwa sababu rangi iliyo chini ya mabano hukandamizwa na bolti hulegea.

Wakati fremu inafungwa, fungua boneti mwenyewe. Angalia kichujio cha hewa kinatoka na kurudi, mafuta ya injini yanapimika, na redieta inaweza kupulizwa bila kufungua loda. Kinga ya mbele ya kwangu ilikuwa inazuia boneti isifunguke yote. Ilikatwa na kuwekewa bawaba papo hapo gereji.

Bakiti ya kawaida ina mdomo mnyoofu. Kwenye mwamba wa matumbawe mdomo huo unalika haraka, kwa hiyo nilitaka wenye bamba gumu la kufungwa kwa bolti, ambalo upande mmoja ukiisha unageuzwa. Meno yapo, ila yako kwenye upau unaofungwa na kufunguliwa. Siku ya kung'oa vichaka tunafunga, siku ya kusawazisha njia tunafungua, maana meno huacha mifereji. Kichwa cha loda nimechukua cha mtindo wa Ulaya, chenye ndoano mbili juu na pini chini, ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali viingie. Uma wa kubebea mawe una ukuta mrefu nyuma yake. Usiununue bila ukuta: jiwe au gogo likiwa juu na mikono ikiegemea nyuma, hubingirika kwenye mikono hiyo na kuja mpaka kwenye kiti.

Paa. Wengi hununua turubai au plastiki kwa ajili ya jua. Sisi tuna minazi. Ukiusukuma mnazi mkavu kwa bakiti, shina linatikisika na chochote kilichobaki kileleni kinashuka, na nazi yenye kumbi zake ikitoka mita kumi na tano juu haimwachi mtu. Paa langu ni bamba la chuma lililofungwa kwenye fremu ya kinga ya kupinduka, ile yenye nguzo mbili nyuma ya kiti. Kwa wenye miembe, nguzo za kukunja zinavutia kwa sababu matawi ni ya chini. Mimi nilikataa za kukunja. Zikikunjwa hukaa zimekunjwa, na siku ya kupinduka hazina kazi. Tumepogoa matawi ya chini badala yake. Mkanda wa kiti hufungwa wakati wote, kwa sababu kinga bila mkanda inamruhusu mtu arushwe nje kisha trekta limwangukie.

Tairi nilizotaka mwanzoni ni zile pana za mitambo ya ujenzi, zenye kuta ngumu. Zinabeba vizuri na haziharibu majani, lakini kwenye tope la bonde la Sabaki zinazunguka bure. Nilibaki na zile zenye meno marefu ya kilimo, ila za mbele nikachukua zenye tabaka nyingi zaidi, ukubwa ule ule. Ukibadilisha ukubwa wa tairi za mbele pekee, hesabu kati ya mbele na nyuma inavurugika na difu itateseka. Miiba ya mathenge bado inatoboa. Tyubu za akiba ziwepo.

Chumvi ni adui wa kila siku. Kusi linapovuma, asubuhi unapitisha kidole kwenye boneti unaonja bahari. Sehemu inayoumia kwanza ni fimbo za silinda, zile zinazong'aa. Kutu ikizidonoa, kila donoo linakata sili na mafuta yanaanza kuvuja. Kwa hiyo jioni trekta hulazwa mikono ikiwa chini na bakiti imekunjwa nyuma, ili fimbo zote ziwe ndani ya silinda, na kipande kinachobaki nje hupakwa grisi. Linaoshwa kwa maji baridi, likikauka viungo vya nyaya vinapakwa grisi pia. Kila baada ya saa kumi za kazi chuchu zote za grisi hupigwa pampu mpaka grisi mpya itokee pembeni. Pini za loda zisizopata grisi huanza kucheza, na tundu likishapanuka ni kazi ya karakana.

Dereva wetu alijifunzia kwenye shoveli za chumvi Gongoni. Siku ya kwanza alizunguka trekta, akaliangalia kwa chini, akaniambia: "Mama, shoveli hukatika kiunoni, hii haikatiki. Mzigo ukiwa juu nisikate kona." Alimaanisha shoveli ina kiungo katikati ya mwili na hujikunja hapo ikikata kona, trekta halina. Tangu hapo hubeba bakiti ikiwa chini, karibu na usawa wa ekseli, na huinua akishafika kwenye lori. Niliridhika naye pale pale. Mtu wa kulima tu, hata awe na leseni na miaka mingi, atafutiwe mtu wa loda akae naye kwanza.

Yasiyonifurahisha yapo. Trekta linahitaji uwanja mpana kugeuka, na kati ya miembe iliyopandwa karibu linakanyaga mizizi, hasa udongo ukiwa umelowa, kwa hiyo masika haliingii kwenye miembe kabisa. Bakiti inaziba macho ya dereva mbele, na watoto wa jirani wanapenda kuja kutazama; lazima awepo mtu wa chini wa kuwazuia. Na mwamba haliuchimbi. Nilipotaka shimo la tangi la ardhini ilibidi nikodi mashine yenye nyundo, na loda ikafanya kazi ya kuondoa kifusi tu.

Kinachofuata kununuliwa ni kikucha cha kushikia makuti na matawi. Kinahitaji njia ya tatu ya haidroliki kwenye loda, na bahati nzuri vali yenye nafasi hiyo niliichukua tangu mwanzo, kwa nyongeza ndogo ya bei. Kuiongeza baadaye ni kubadilisha vali nzima na paipu zake. Iulizie siku ile ile unapoagiza loda.